Jicho la Rubani wa Mchana

Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui ulitoa jiwe la rangi ya waridi. Lilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa, na mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, akalitoa kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth wa Uingereza, ambaye wakati huo alikuwa bado binti mfalme. Lilipokatwa London likabaki karati 23.6. Zipo almasi kubwa kuliko hiyo ambazo hakuna azijuaye nje ya biashara yenyewe. Hii imepata jina duniani kwa sababu ya rangi yake. Shinyanga na Geita ni nchi ambayo watu wake wamekula kwa rangi kwa muda mrefu: mchambuzi wa almasi anayelitenga jiwe lenye umanjano na jiwe jeupe, mnunuzi wa dhahabu anayeutazama wekundu wa punje na kukisia imechanganyika na nini kabla ya kuiweka kwenye mashine.

Mwadui hiyohiyo ilikuwa na kiwanja chake cha ndege. Migodi iliyofuata nayo ikajenga vyake: Geita, Bulyanhulu kule Kakola, Buzwagi nje kidogo ya mji wa Kahama. Ongeza kiwanja cha Ibadakuli cha Shinyanga, ongeza kile cha Chato chenye njia ya kurukia ya kilomita 3, na utaona kwamba mtoto wa kanda hii, ambaye baba yake pengine anashinda kwenye duara la mita makumi chini ya ardhi, huziona ndege kwa karibu kuliko watoto wa mikoa mingi ya nchi. Shirika la ndege la taifa lilipofufuliwa kwa ndege mpya kuanzia 2016, urubani ukaacha kuwa ndoto ya watoto wa Dar es Salaam na Arusha peke yao. Na huku kwetu fedha huja kwa namna yake. Mfuko mmoja wa mawe mazuri ukisagwa kwenye karasha, familia isiyokuwa na kitu Jumatatu inaweza kuzungumzia ada ya chuo cha urubani Ijumaa.

Hapo ndipo swali la jicho linapoingia, na kwa kawaida huingia limechelewa.

Jina la Kiswahili, upofu wa rangi, linapotosha. Mwenye hali hii si kipofu. Anaona mbali, anasoma maandishi madogo, pengine humwona mbuzi aliyepotea kilimani kabla ya wenzake. Ndani ya jicho la binadamu kuna aina tatu za seli zinazopokea rangi, na kwa wengi wenye kasoro, aina moja kati ya zile mbili zinazotofautisha wekundu na ukijani haipo au imekaa vibaya. Matokeo yake ni kwamba nyekundu, kijani, kahawia na machungwa husogeleana mpaka kuwa vigumu kuzitenga, hasa kwenye mwanga hafifu au kitu kinapokuwa kidogo na cha mbali. Bluu na manjano huendelea kuonekana vizuri. Wengine wana kasoro ndogo kiasi kwamba huishi maisha yote bila kuijua. Wengine huona wekundu kama giza tu.

Vinasaba vya seli hizo mbili vimekaa kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake. Mwanamke ana mbili, na moja ikiwa na dosari nyingine humfidia. Ndiyo maana miongoni mwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya kasoro hii hupatikana kwa takribani 8 katika kila 100, wakati kwa wanawake wao ni kama mmoja katika 200. Tafiti za Afrika kwa kawaida hupata idadi ndogo kuliko hiyo, lakini njia ya urithi ni ileile: babu mzaa mama anayo, mama anaibeba bila kuihisi, mjukuu wa kiume anaipokea. Kwa hiyo kijana atakaye kujua asianze kwa baba yake. Amwangalie mjomba.

Lugha yetu nayo husaidia kuificha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu: kijani kwa majani, manjano kwa kiungo cha mchuzi, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa majivu, zambarau kwa tunda. Mtoto akishajua kwamba majani ni ya kijani na udongo wa Kahama ni mwekundu, hahitaji kuziona rangi hizo ili azitaje sawasawa. Anataja kitu. Anaweza kumaliza darasa la saba akiwa amejibu kila swali la rangi kwa kumbukumbu.

Mara nyingi hufichuka maabara. Kidato cha nne, katika mtihani wa vitendo wa kemia, mwanafunzi hutia sodiamu haidroksaidi kwenye chumvi ya chuma na kutazama mashapo: yakiwa ya kijani kilichofifia ni chuma cha aina moja, yakiwa ya kahawia ya kutu ni cha aina nyingine. Ni vigumu kubuni mtego bora kuliko huo kwa mtoto mwenye kasoro hii, na anayenaswa huandikiwa kuwa hakusoma. Jicho lake halionyeshi kitu kwa nje. Huku kwetu Usukumani kuna historia chungu ya kumhukumu mtu kwa jicho. Wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu wa moshi wa jikoni, wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Kijana huyu yeye ana macho mazuri kuliko ya yeyote, na hakuna anayefikiri kumuuliza.

Sasa amefika mbele ya daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Amefunguliwa kitabu cha nukta, kile alichokibuni Mjapani Shinobu Ishihara na kukichapisha 1917. Katika kila ukurasa kuna nukta za rangi, na kwenye kurasa nyingi namba imejificha ndani yake. Kwenye ukurasa mmoja wengine wanaona 74, yeye anaona 21. Kazi imechukua dakika tatu.

Wengi huamini hapo ndipo mlango unapofungwa, na madaktari wengine, kwa haraka zao, huwaacha waamini hivyo. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Usafiri wa anga duniani unaendeshwa kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, na kiambatisho chake cha kwanza, kinachohusu leseni, ndicho kinachofuatwa na kanuni za Tanzania na za nchi wenzetu wa Afrika Mashariki, ambazo zina wakala wao wa pamoja wa usalama wa anga pale Entebbe. Kiambatisho hicho kinamtaka mwombaji aweze kutambua bila taabu zile rangi ambazo kazi yake haiwezi kufanyika salama bila kuzitambua. Kinataka kipimo cha nukta kifanyike kwenye mwanga unaofanana na wa mchana. Kisha kinasema kwamba aliyeshindwa nukta bado anaweza kuhesabiwa kuwa anafaa, mradi atofautishe rangi zitumikazo angani na kuzitaja sawasawa taa za rangi za usafiri wa anga. Akishindwa na hapo, cheti cha daraja la kwanza, kile cha rubani wa biashara, hakipati. Linabaki daraja la pili, la rubani binafsi, kwa sharti moja: aruke mchana tu.

Kwa hiyo mlango una vizingiti viwili, na nukta ni kile cha kwanza tu. Kijana asiyejua hivyo hurudi Kakola akiwa ameukataa mwenyewe ule mtihani wa pili ambao pengine angeufaulu.

Lakini kwa nini rangi, tangu mwanzo? Jibu linatoka relini. Mwaka 1875 treni mbili ziligongana Lagerlunda, Uswidi, na mtaalamu Frithiof Holmgren akadai kwamba mfanyakazi mmoja hakuwa akizitambua taa. Akatunga kipimo cha vifundo vya sufi za rangi, na mashirika ya reli yakaanza kuwapima watu wao. Meli zilikuwa tayari na taa nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia. Ndege ilipokuja ilirithi yote hayo: ncha ya bawa la kushoto nyekundu, la kulia kijani, mkia mweupe. Anayesimama usiku kwenye mwalo wa Mwanza akitazama meli ikigeuka anaisoma lugha ileile anayoisoma rubani aliye juu yake. Na mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye stesheni ya Shinyanga, katika reli iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, anajua thamani ya bendera ya kijani na nyekundu bila kufundishwa na mtu wa ndege.

Angani rangi zina kazi zisizolingana uzito, na hapa ndipo mjadala wote ulipo. Redio ikifa, mnara huongea kwa taa: kijani iliyotulia kwa aliye hewani ni ruhusa ya kutua, nyekundu iliyotulia ni mpishe mwenzako uendelee kuzunguka, nyekundu ya kumeta ni kiwanja si salama. Rubani anaweza kustaafu bila kuonyeshwa taa hiyo hata mara moja. Taa za kando ya njia ya kurukia ni nyeupe, za mwanzo wake kijani, za mwisho nyekundu, na za kando ya njia za kupita ndege ardhini ni bluu. Nyingi kati ya hizo hujieleza kwa mahali zilipo, kama vile dereva anavyojua kwamba taa ya juu barabarani ni ya kusimama.

Kuna moja isiyojieleza kwa mahali. Kando ya njia ya kurukia, kwenye viwanja vyenye vifaa, hupangwa taa nne kwa mstari. Rubani akija kwa mteremko sahihi, kwa kawaida nyuzi 3, huona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Nne nyeupe, yuko juu mno. Nne nyekundu, yuko chini mno, na ardhi inamjia. Ujumbe wote ni rangi. Watafiti wa City University ya London waliofanya kazi na mamlaka ya anga ya Uingereza, katika ripoti ya 2009, waliziona taa hizi kuwa ndiyo kazi ya rangi iliyo nzito kuliko zote kwa rubani, kwa sababu hazina kitu kingine cha kuzisaidia. Waliunda kipimo cha kompyuta kinachopima kasoro ni ya kiasi gani, badala ya kuuliza ipo au haipo, na kwa hesabu yao takribani theluthi moja ya wenye kasoro wanazisoma taa hizo sawa na mtu wa kawaida.

Wanaotetea ukali huitaja Tallahassee. Alfajiri ya Julai 26, 2002, ndege ya mizigo ya FedEx aina ya Boeing 727 ilishuka chini mno ikajigonga kwenye miti kabla ya kufika uwanjani katika mji huo wa Florida. Rubani msaidizi, aliyekuwa akiendesha, alikuwa na kasoro ya rangi na alikuwa na kibali maalumu. Taa nne zilikuwa zikiwaka. Wachunguzi waliitaja kasoro yake kuwa mojawapo ya mambo yaliyochangia, pamoja na uchovu na kutofuata taratibu. Wote watatu waliokuwa ndani walipona. Ndiyo, na ndani ya chumba cha marubani mlikuwa na watu wengine wawili ambao hawakuwa na kasoro hiyo, na wao pia hawakuzuia ndege isishuke. Ajali hii inathibitisha kwamba kibali kisichopimwa vizuri ni hatari. Haithibitishi kwamba kila mwenye kasoro ni hatari, na anayeitumia hivyo anaivuta kupita inakofika.

Australia ilikwenda njia nyingine. Daktari Arthur Pape, mwenye kasoro mwenyewe, aliipeleka mamlaka ya huko mbele ya baraza la rufaa na kushinda 1987. Kesi ya rubani Denison ya 1989 ikapanua mlango, na kwa zaidi ya miongo mitatu sasa Waaustralia wenye kasoro wamekuwa wakirusha ndege za biashara, hata za abiria. Tangu 2020 mamlaka yao inakubali mtihani wa vitendo: rubani anapimwa akifanya kazi ya rubani. Marekani nayo imebana, bila kuufunga mlango kabisa. Tangu Januari 1, 2025 mwombaji mpya hupimwa rangi kwa kompyuta. Akishindwa, anaweza bado kupata cheti chenye sharti la kuruka mchana kwa kutazama nje.

Sharti hilo la mchana ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu maana yake hubadilika kwa mahali. Huko Ulaya kaskazini, mwezi wa Desemba, jua likichomoza saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi jioni, rubani wa mchana ni nusu rubani. Shinyanga iko kama nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta. Mchana wake ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, masika na kiangazi. Viwanja vidogo vya ukanda huu vingi havina taa hata moja ya njia. Changarawe au lami fupi, soksi ya upepo, na ng'ombe wa kufukuza kabla ya ndege kutua. Huko hakuna rubani anayetua usiku, mwenye kasoro wala asiye na kasoro. Zile taa nne hazipo za kusomwa. Redio inafanya kazi au haifanyi, na mnara wa kukumulikia taa haupo.

Kazi ya namna hii hufanywa na ndege za injini moja, kama Cessna Caravan, zikibeba wafanyakazi wa migodi, wagonjwa, wakaguzi na mizigo midogo. Ni kazi ya mshahara, kwa hiyo inadai leseni ya biashara, nayo inadai cheti cha daraja la kwanza, kilekile cha nahodha wa Boeing 787 anayetua Guangzhou usiku wa mvua. Sheria inamruhusu kijana mwenye kasoro kuruka mchana kutoka Mwanza hadi Geita akiwa amewabeba rafiki zake bure. Wakimlipa, mbingu ileile, ndege ileile na saa ileile vinakuwa si salama.

Nilipofika hapa nilidhani hoja imekwisha, kisha nikatazama picha za ndani ya Caravan mpya. Saa za mishale zimeondoka. Kuna skrini, na skrini zinazungumza kwa rangi: ardhi iliyo karibu na kimo cha ndege huwa ya manjano, inayokuzidi huwa nyekundu, mvua kwenye rada huanza kijani ikapanda manjano, nyekundu mpaka zambarau. Kanda ya Ziwa si mahali pa kudharau rada; radi zake ni kali na hujikusanya haraka juu ya maji. Ile ndege ya mchana isiyo na rangi, ambayo mwaka 1980 ingekuwa jibu kamili, inatoweka. Mhandisi angeweza kuchagua rangi zisizogongana na kuongeza alama za umbo, na wengine wamefanya hivyo, lakini kijana hachagui skrini atakayopewa na mwajiri.

Nikiyapima yote, naona Tanzania haina sababu ya kulegeza kiwango. Ina sababu ya kuufanya mtihani wa pili uwe kitu kinachojulikana na kufikika, wenye kifaa kinachopima kiasi cha kasoro, na matokeo yanayotambuliwa na nchi zote za jumuiya. Anayesomea Soroti nchini Uganda, shule iliyoanza 1971 ikiwa ya Afrika Mashariki nzima, au kwenye vyuo vya Wilson jijini Nairobi, au Dar es Salaam, atatafuta kazi kuvuka mipaka hiyo. Leseni ya biashara ya mchana tu inawezekana kwa Tanzania kuitunga, lakini ingekuwa tofauti na kiambatisho cha Chicago, ya kutangazwa kwa dunia, na jirani asingelazimika kuipokea. Ingekuwa leseni ya nyumbani. Kwa ukanda wenye viwanja vingi vya migodi, huenda hilo si dogo.

Pembeni ya mjadala kuna wafanyabiashara. Miwani ya kurudisha rangi inauzwa mitandaoni kwa bei ya ndama. Hubadilisha utofauti wa baadhi ya rangi, hairudishi seli isiyokuwepo, na kwenye kipimo cha anga haikubaliki. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walifaulu kumtibu kima mdogo kwa kumwingizia kinasaba jichoni, kima waliyempa jina la Dalton kwa heshima ya John Dalton, mkemia Mwingereza aliyeieleza kasoro yake mwenyewe mwaka 1794. Kwa binadamu, dawa hiyo bado haijafika kliniki.

Njia za kando zipo, nazo hazilingani. Uongozaji wa ndege mnarani unadai rangi pia. Ufundi wa ndege una nyaya za rangi. Droni ni habari nyingine: mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe kutoka Mwanza, kilomita 60 juu ya ziwa, na mashimo ya wazi ya migodi hupimwa kwa droni. Anayeirusha amekaa chini na skrini yake, ambayo rangi zake anaweza kuzibadili apendavyo. Kijana aliyeota kukaa mbele, kwenye kioo, atakuambia kwamba hilo si kuruka, na sitabishana naye.

Kinachobaki ni mpangilio wa siku. Kwanza mjomba na babu mzaa mama. Kisha kliniki ya macho, mchana, karibu na dirisha, maana balbu ya manjano inaweza kupotosha nukta. Kisha cheti cha daraja la kwanza, kabla ya shilingi yoyote ya ada, kwa sababu mafunzo ya leseni ya biashara hugharimu makumi ya maelfu ya dola na vyuo hupokea fedha ya mtu yeyote aliyeahidi kuleta cheti baadaye. Akishindwa nukta, aombe mtihani wa taa kwa maandishi. Akishindwa na taa, atapewa lile daraja la pili: mchana tu, bila malipo. Saa moja ya Cessna ya kukodi ni mamia ya dola. Mtoto wa mwenye karasha tano ataweza kuilipia kila Jumapili. Yule ambaye baba yake aliuza ng'ombe kumi na wawili ili mwanawe aje kuwarudisha kwa mshahara amepewa ruhusa ya kuruka ambayo hataimudu.